Apareyi ya Miguu Haiko Zawadi ya Mara Moja

(Maneno ya kamati ya watoto, yaliyosemwa mbele ya mkutano wa memba hapa Kikula. Tumeyaandika sawa vile yalisemwa, tumetengeneza kidogo tu.)

 

Katika mkutano uliopita maneno mawili yalisemwa, na yote mawili yalitukaa mu roho. La kwanza: baba mmoja aliuliza, «Ule mutoto tulishaka kumulipia apareyi mwaka yenye ilipita. Juu ya nini sanduku inalipa tena?» La pili: barua ilisomwa, ya marafiki wa umoja wetu wanaokaa Ulaya. Wanasema wako tayari kukusanya apareyi za miguu ambazo watoto wa kule wameacha kuvaa, wazijaze mu makartoni na kututumia. Watu walipiga makofi. Sisi wa kamati hatukupiga makofi, na leo tunataka kueleza sababu. Baba aliyeuliza hakuuliza vibaya, na wale wa barua hawakuandika kwa roho mbaya. Ni kwamba apareyi hizi watu hawazijui.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, ingawa si ugonjwa kama malaria au kikohozi. Daktari anaandika herufi tatu mu fishi ya mtoto: IMC. Tanzania wanasema mtindio wa ubongo. Maana yake ubongo wa mtoto uliumia ungali mchanga, mbele ya kuzaliwa, ao saa ya kuzaliwa, ao mu myaka ya kwanza. Pale palipoumia hapazidi kuumia, lakini pia haparudi sawa vile palikuwa. Kinachobadilika ni mwili, kwa sababu mwili unakomala huku unapokea amri mbaya kutoka kichwani.

Sababu ziko nyingi. Mtoto alikawia kutoka na hakulia. Alizaliwa mbele ya miezi kutimia. Siku za kwanza macho yalikuwa manjano sana na hakuna aliyemkimbiza lopitali. Meninjiti ilimkamata, ao malaria ilipanda mu kichwa. Kule mashariki ya Uganda, upande wa Iganga na Mayuge, watafiti walitafuta watoto hawa kijiji kwa kijiji, matokeo yakatoka mwaka 2017: karibu watoto 3 kwa kila 1000. Na kwa robo hivi ya wale waliowaona, ubongo uliumia nyuma ya siku za kuzaliwa, malaria ikiwa mbele kupita zote. Hapa kwetu kuna mbu vilevile, na kuna mama wanaozalia njiani vilevile.

Tunasema hivi juu ya neno lingine ambalo linatuumiza. Mu lupangu fulani, mtoto asiyetembea anatafutiwa mchawi, na mara nyingi mchawi ni bibi yake mwenyewe, ao mtoto mwenyewe. Daktari William John Little wa London, ambaye naye alikuwa na mguu wa kupinda tangu utoto, alisimama mwaka 1861 mbele ya madaktari wenzake akaeleza kwamba kuzaliwa kwa shida kunaweza kukaza viungo vya mtoto maisha yake yote. Hakutaja bibi ya mtu. Imepita myaka zaidi ya 160. Bibi zetu wapumzike.

Na tena, si kila mguu mbaya ni IMC. Mguu wa polio unalegea, haukazi, na polio haijatuacha katika jimbo zetu: mwaka 2017 ilitoka tena kule Haut-Lomami. Kuko mtoto aliyechomwa sindano ya kinini mahali pabaya ya tako, mshipa ukaguswa, mguu mmoja unaburuzika. Kuko aliyezaliwa na nyayo zimepinda ndani. Huyo anatengenezwa na plasta za kila wiki halafu viatu vya chuma vya kulala navyo. Kila mmoja iko na dawa yake na apareyi yake. Ukivalisha mtoto wa IMC apareyi ya mwenzake wa nyayo za kupinda, hutamsaidia kitu. Njo maana tunamwomba kila mzazi aanze kwa kine ao daktari, asianze kwa jirani.

Sasa apareyi yenyewe, ile wanaita atele. Inafanya nini?

Mu watoto wengi wa IMC, mguu haulegei. Uko na nguvu isiyosikia amri. Musuli wa nyuma, wa shavu la mguu, unavuta kisigino juu saa yote, hata mtoto anacheka, hata anatafuta kusema. Anasimama kwa vidole sawa mtu anayetafuta chungu juu ya kabati. Mfupa unarefuka, musuli unaovutwa hivyo haurefuki kwa mwendo ule ule. Mwaka wa kwanza ukisukuma nyayo kwa mkono inarudi. Mwaka wa tatu inarudi nusu. Ikifika siku ambapo mkono hauwezi tena, kunabaki plasta za mfululizo ao kisu cha daktari, na kisu si cha kila mfuko.

Apareyi inashika nyayo na mguu vikae kama kona ya mlango. Ni plasitiki nyembamba, inatoka chini ya goti, inapita nyuma ya shavu, inashuka chini ya nyayo mpaka kwenye vidole, na mikanda miwili ao mitatu ya kufunga. Kazi yake ya kwanza ni kuzuia ule musuli usikauke mufupi. Kazi ya pili watu hawaioni upesi: kisigino kikigusa chini, goti linapata njia ya kunyooka, na goti likinyooka, mgongo unajua pa kukaa. Mtoto aliyekuwa anaanguka kwa sababu amesimama juu ya vidole viwili vitatu sasa iko na nyayo nzima ya kusimamia. Tumeona mtoto aliyekuwa akishika ukuta akaachilia mkono mmoja, kusudi ashike mkate. Hatusemi muujiza. Tunasema mkono mmoja.

Na haifanyi nini? Haiponyeshi ubongo. Haitii nguvu mu mguu. Mtoto akivalishwa na kulazwa mu mukeka kutoka asubuhi mpaka jioni, amefungiwa tu mu plasitiki. Lazima asimamishwe, acheze, asukumwe na wenzake, aanguke kidogo. Mazoezi ya kine, ya kunyoosha na ya kusimama, hayakatwi siku apareyi inafika.

Kuko pia watoto ambao apareyi ya mguu haiko kintu cha kwanza. Mama mmoja alikuja kwetu na mtoto asiyeshika kichwa, akaomba apareyi kwa sababu ameona ya mtoto wa jirani. Kine akamwambia, «Mama, kwanza kiti.» Mama alikasirika, aliona tunamnyima. Fundi mbao wa hapa Kikula akatengeneza kiti chenye mgongo mrefu, mbavu mbili za pembeni, na kabao mbele. Ule mtoto sasa anakula amekaa, uji hauingii tena mu njia ya pumzi, na anaangalia watu mu macho. Kiti kile kilifanya kazi kupita atele tano. Apareyi alipata baadaye, ya kushika nyayo wakati anasimamishwa. Na kwa watoto kama yule, nyonga nazo ziangaliwe kwa radio, kwa sababu nyonga inaweza kutoka mahali pake polepole bila kelele, na apareyi ya nyayo haiizuii.

Turudi kwa maneno ya baba. Ili kujibu, lazima tueleze inavyotengenezwa.

Mtoto analala ao anakaa. Kine ao fundi anashika nyayo yake mahali panapofaa, na mwenzake anazungushia plasta yenye maji. Ile mikono haiachilii mpaka plasta ikauke. Ikishakauka inakatwa, inatolewa, na ndani yake inamwagwa plasta ingine. Hapo unapata mguu wa mawe wa mtoto yule, na kila mfupa wake. Fundi anaulainisha, anaongeza kidogo pale mfupa unatokeza kusudi usibanwe, anapunguza pale panahitaji kushikwa. Kisha anaweka bamba la plasitiki, ile wanaita polipropilini, mu tanuri mpaka ilegee na kuangaza kama maji, anaifunika juu ya mguu wa mawe, mashini inavuta hewa, plasitiki inanata. Ikipoa inakatwa, kingo zinasuguliwa, mikanda inawekwa. Halafu mtoto anarudi kujaribu. Fundi anaangalia anavyosimama, anatia alama, anapasha moto kidogo pale panapobana. Mtoto anarudi tena.

Shirika la kimataifa la Msalaba Mwekundu njo lilieneza kazi hii ya polipropilini mu inchi zenye vita, kwa sababu plasitiki ile ni bei kidogo, haiozi na inaweza kuyeyushwa tena. Mwaka 2004 lilipewa tuzo ya wataalamu wa dunia juu ya kazi hiyo. Upande wetu wa mashariki, watu wanajua Shirika la Umoja kule Goma na Heri Kwetu kule Bukavu. Mafundi wenyewe wanasomea myaka, hapana wiki. Kule Moshi, Tanzania, iko chuo kinachoitwa TATCOT, kilianza mwaka 1981, na watu wa inchi nyingi za Afrika wamepita pale. Tunataja hayo kusudi mujue kwamba nyuma ya kile kiplasitiki kuna mtu mwenye masomo, na mu Kongo yetu watu wale wako wachache.

Kwetu Likasi, kazi hii inatupeleka Lubumbashi. Ni kilometa 120 hivi. Kuenda kutiwa plasta, kuenda kujaribu, kuenda kuangaliwa. Mtoto wa myaka sita asiyetembea anabebwa mgongoni, na anahesabiwa kiti mu bisi. Mama anaacha meza yake sokoni siku mbili, siku tatu, na wadogo wanabaki na nani? Wengine mu umoja huu walitoka hapa kwa treni mwaka 1992 na 1993, wakarudi nyuma ya myaka. Wengine walitoka kambi za Kala na Mwange kule Zambia. Mutu mwenye kurudi anapata nyumba mara ingine, anapata kazi mara ingine, lakini shangazi wa kumwachia watoto hapati upesi. Njo maana safari moja ya Lubumbashi, kwa mama wa umoja huu, ni nzito kupita vile inaonekana mu kitabu cha hesabu.

Basi, apareyi imefika. Imekaa vizuri sana, kwa sababu ni mguu wa mtoto yule, wa mwezi ule. Lakini mtoto wa myaka mitatu anakomala mbio. Mara nyingi mwaka haujaisha na vidole vimepita ukingo, shavu linabanwa, kisigino hakishuki tena mpaka chini. Apareyi iliyokuwa dawa sasa inasukuma mguu mahali pabaya, na inatoboa ngozi.

Mtoto mmoja wa umoja huu alivaa ya kwanza vizuri, miezi minane, tisa. Tukapotea naye wakati wa mvua. Aliporudi alikuwa na kidonda juu ya kifundo, kimeingia ndani, na apareyi ile ile mguuni. Hasemi, kwa hiyo hakusema. Mama yake alikuwa ameona ile alama nyekundu wiki nyingi. Tulimwuliza kwa upole sababu hakuja. Akajibu: «Nilikuwa na haya. Mulishaka kutupatia zawadi, nikasema batasema nimeiharibisha.»

Neno lile zawadi njo lilimfunga mdomo. Zawadi inapewa mara moja, na mwenye kupewa hasemi imekuwa ndogo. Kiatu cha masomo hakuna mzazi anayeona haya kusema kimekuwa kidogo. Tunataka apareyi iingie mu hesabu ya umoja kama kiatu. Kwa hiyo, baba, jibu letu ni hili: tulilipa tena kwa sababu ile ya kwanza ilifanya kazi yake, na mguu ulirefuka sawa mguu wa mtoto yeyote. Tungelipa moja tu, zile franga za kwanza zingepotea.

Na yale makartoni ya Ulaya? Mumeelewa sasa. Kila apareyi ndani yake imemwagwa juu ya mguu wa mtoto mwingine, ni sawa kutumiwa meno ya bandia ya mtu usiyemjua. Itaingia mdomoni, ndiyo. Kuitafuna bukari ni maneno mengine. Tunaogopa kitu kimoja zaidi: makartoni yakifika, mama atachagua mwenyewe ile inakaribia, kwa sababu iko bule na Lubumbashi iko mbali. Na kidonda kile kitakuwa vidonda kumi.

Wafadhili, musikate tamaa kwa maneno haya. Kuko vitu vya watu wengine vinavyotumika vizuri: viatu vipana vya kufunguka mpaka mbele, soksi za pamba ndefu, vigari vya kutembelea vyenye kurefushwa, meza za kusimamia. Viti vya magurudumu pia, kama magurudumu ni makubwa na yanavumilia mashimo ya Kikula. Vile vya lopitali ya Ulaya vinakwama kwenye mtaro wa kwanza. Lakini tunachoomba kupita vyote hakipigi picha nzuri: tikiti ya bisi, siku ya kulala Lubumbashi, kazi ya fundi wakati wa kurekebisha, na apareyi ya pili na ya tatu. Mukitaka kuhesabu, musihesabu apareyi. Muhesabu mtoto aliyeshikwa mpaka akaacha kukomala. Sisi tutawaandikia habari za apareyi ya tatu, hata kama mtoto pichani hacheki tena kama siku ya kwanza. Labda atakuwa na myaka kumi na miwili na hapendi picha.

Wengine wametuuliza juu ya serikali. Sheria iko: ile ya tarehe 3 Mei 2022, ya kulinda haki za watu wenye ulemavu. Tuliisoma, ni nzuri, na mzazi akikataliwa mtoto masomoni aitaje bila woga. Tikiti ya bisi haijatulipia bado.

Maneno ya nyumbani, kwa haraka, kwa sababu ba mama wengi wanayajua kutupita. Siku za kwanza mtoto avae saa moja, muangalie ngozi, siku zinazofuata muongeze. Soksi ya pamba ndani, isiwe na mikunjo. Kisigino kishuke mpaka chini mbele ya kufunga mkanda; ukifunga kisigino kikiwa juu, umefunga bure. Alama nyekundu inayopotea kwa nusu saa si kitu. Isiyopotea, vueni na mutuite siku ile ile. Kiatu kiwe kikubwa kupita mguu kwa namba moja ao mbili, mutoe kile kitambaa cha ndani. Sokoni, mu zile nguo tulizokuwa tunaita salaula kule Zambia, vinapatikana. Plasitiki inaoshwa na sabuni na maji ya vuguvugu, inapanguswa. Isianikwe kwenye jua kali la Oktoba, na hata siku moja isiwekwe karibu na mbabula kusudi ikauke upesi. Mmoja alifanya hivyo. Ile apareyi ilipinda kama ndizi, na tulicheka wote pamoja na yeye, halafu tukaanza kutafuta franga.

Leo tunaleta ombi moja kwa mkutano. Mu kitabu cha sanduku, pale pameandikwa «apareyi», paandikwe jina la kila mtoto, na mbele ya jina lake njia ya kuenda na kurudi, kuangaliwa kila miezi sita, na kubadilisha. Ikiwa franga hazitoshi watoto wote, tunaona ni heri tuanze na watoto wachache tuwashike mpaka mwisho, kuliko kuvalisha wote mara moja. Tunajua neno hilo ni chungu. Mu chumba hiki wako wazazi ambao watoto wao watangoja, na mmoja wa kamati yetu ni kati yao. Museme munavyoona, mutugombeze kama lazima, halafu tupige kura kwa mikono.

Nyuma ya kura, wazazi wote wenye watoto wa IMC wabaki, hata wale ambao hawajawahi kuja kwa kamati. Mulete mtoto mwenyewe, asibaki nyumbani na jirani. Wenye apareyi waje nayo na kiatu chake, hata kama imevunjika, hata kama imepinda kama ndizi. Kine amekubali kukaa nasi mpaka saa kumi.